Bei Rahisi ya Kabanga: Tusinunue Gari kwa Maneno ya Dalali

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukisha na fedha zikawa mkononi, kila mmoja wetu huwa na haja yake. Mmoja huezeka nyumba, mwingine humwoza mwanawe, mwingine humaliza deni la dukani. Katika miaka hii haja nyingine imeingia, nayo ni gari. Wala si anasa. Mwenye shamba lililo mbali na barabara ajua taabu ya kungoja gari la kukodi, na ajua hasara ya karafuu kavu kupigwa na mvua njiani kwa kuwa gari hilo limechelewa. Kwa hiyo simlaumu mtu kutaka gari. Ninalotaka kusema ni juu ya namna tunavyolinunua, maana nimeona kwamba sisi tulio hodari wa kupima karafuu huwa kama watoto wadogo tunapopima gari.

Nasema haya kwa haya kidogo, kwa kuwa mmoja wa watoto hao ni mimi.

Baada ya msimu uliopita, wanachama wanne wa tawi letu tulichanga fedha ili tupate gari dogo la kubebea magunia, lile lenye bodi wazi nyuma. Katika yadi za Dar es Salaam tuliambiwa bei ya shilingi milioni 17, nasi hatukuwa nazo. Ndipo akatokea dalali mmoja, tuliyepewa namba yake ya simu na mtu wa pwani, akatuambia kwamba analo gari la namna hiyo hiyo kwa shilingi milioni 9. Tulipouliza liko wapi, akajibu: "Liko Kabanga, mpakani mwa Burundi. Huko magari ni rahisi." Akatuletea picha katika simu, gari jeupe linang'aa kama yai. Akasema tena kwamba yuko mnunuzi wa Mwanza aliye njiani na fedha zake, basi kama tunalitaka tutume kishika uchumba cha shilingi 1,500,000 siku ile ile.

Katika sisi wanne yumo Bi Mkubwa mmoja, mwenye mikarafuu mingi kuliko sisi wote. Yeye alisema neno moja tu: "Wanangu, karafuu hatuuzi kwa simu, gari mtalinunuaje kwa simu?" Sisi wanaume watatu tulicheka. Fedha nikazituma mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Siku ya tatu dalali akataka fedha zote zilizobaki. Hapo moyo wangu ukaingia baridi, nikaomba ruhusa ya wenzangu niende nikalione gari kwanza.

Kwa wasiokujua, Kabanga ni mji mdogo katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Unapita Dodoma, Singida na Kahama, ukaingia Nyakanazi na Lusahunga katika Wilaya ya Biharamulo, kisha ukashika njia ya Ngara mpaka mpakani. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na hewa yake ni ya baridi. Ng'ambo ya pili ni Kobero, katika nchi ya Burundi. Kwa kuwa Burundi haina bahari, mali yake nyingi hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, ikapita njia hiyo ya Kabanga. Magari ya mitumba kutoka Japani nayo hupita hapo kila siku, mengine juu ya malori, mengine yakiendeshwa yenyewe na namba za muda za IT, ambazo maana yake ni gari lililo safarini kwenda nchi nyingine.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa ile bei rahisi, nami naomba kila mwanachama auelewe. Gari likishuka bandarini kwa safari ya Burundi, halilipiwi ushuru wa Tanzania, kwa kuwa si gari la kutumika Tanzania. Wakala wa forodha huliwekea dhamana, na dhamana hiyo hufunguliwa gari linapothibitishwa kuwa limevuka mpaka. Sasa mtu mwovu hufanya hivi: karatasi huvuka, gari likabaki. Au gari huishia njiani, likafichwa, likauzwa kwa mtu wa Tanzania. Ushuru haukulipwa huku wala haukulipwa kule, na kwa hiyo dalali aweza kuliuza kwa nusu ya bei ya yadi na bado akapata faida kubwa. Si kwamba magari ya Kabanga ni rahisi. Kilicho rahisi ni gari lililoibiwa ushuru wake, na hilo laweza kuuzwa Kabanga, au Kahama, au Kariakoo.

Nilipofika nilimtafuta fundi wa mji ule, mtu nisiyemjua wala yeye hamjui dalali, nikamlipa ujira wake aje atazame pamoja nami. Tulilikuta gari nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Kwa macho lilikuwa zuri. Lakini fundi aliweka mkono juu ya boneti kabla hata ya kuomba ufunguo, akanitazama. Boneti ilikuwa moto. Walikwisha kuliwasha kabla hatujafika, ili sisi tusisikie linavyowaka likiwa baridi. Kisha akamulika taa penye namba ya chasisi. Tarakimu nyingine zilikuwa zimenyooka na nyingine zimeinama, na chuma kilichozizunguka kimesuguliwa kwa tupa na kupakwa rangi mpya. Nilipoomba kadi ya gari, dalali alinipa kadi ya gari la aina ile ile, lenye namba ya T kama magari mengi ya Bara, jina la mtu mwingine. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Akasema yuko safarini.

Ndugu zangu, maana yake ilikuwa hii. Lilikuwako gari jingine lililokufa, labda kwa ajali. Kadi yake na namba zake zilinunuliwa, zikavishwa gari hili lisilolipiwa ushuru. Nilimwambia dalali kwamba sinunui. Akanijibu kwa upole sana kwamba kishika uchumba hakirudi. Nikapanda basi nikarudi, sina gari wala sina ile milioni moja na nusu.

Wenzangu wawili hawakuridhika mpaka leo. Wao husema: "Watu wangapi wanaendesha magari ya namna hiyo wala hawakamatwi? Ungelichukua tu, tungelitumia shambani, nani angelijua?" Makala hii ni jawabu langu kwao, na kwa kila mwanachama mwenye mawazo kama hayo.

Jawabu la kwanza ni la sheria. Nchi zetu za Afrika Mashariki zina Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, na Burundi nayo imo katika Jumuiya tangu mwaka 2007. Chini ya sheria hiyo, mali isiyolipiwa ushuru yaweza kukamatwa na kutaifishwa mahali popote inapokutwa, na aliye nayo ana kosa ikiwa alijua, au alipaswa kujua. Tazameni maneno hayo ya mwisho. Mtu aliyenunua gari la milioni 17 kwa milioni 9, nyuma ya nyumba, chini ya turubai, atasemaje mbele ya hakimu kwamba hakupaswa kujua? Zaidi ya hayo, gari letu lilikuwa lije kisiwani. Lazima lingepanda chombo, na lazima lingeonwa na watu wa forodha bandarini kabla halijagusa ardhi yetu. Tungepoteza milioni 9 badala ya moja na nusu.

Jawabu la pili ni la haki, nalo kwangu ni zito zaidi. Hapana watu wanaojua ubaya wa magendo kuliko sisi wakulima wa karafuu. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa usiku kwa vyombo kwenda Mombasa, kwa sababu bei ya hapa ilikuwa ndogo. Tulilalamika, na malalamiko yetu yalikuwa ya haki. Mwaka 2011 bei ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ilipandishwa sana, na magendo yakapigwa vita. Leo twasimama katika mikutano yetu tukisema magendo yanaua zao letu na yanapunguza fedha za barabara, skuli na hospitali. Basi tutasemaje hayo mchana, na jioni tukapanda gari la magendo? Ushuru wa gari ni fedha ya umma kama ilivyo fedha ya karafuu. Mwenye kuchagua magendo yanayomfaa na kukataza yasiyomfaa hana hoja, ana tamaa.

Jawabu la tatu ni la akili ya biashara. Mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashirikishwa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo. Wamarekani huliita gari bovu "limau". Alieleza kwamba muuzaji ajua kasoro za gari lake, na mnunuzi hazijui. Mnunuzi kwa hofu hukubali kutoa bei ya katikati tu. Basi mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai, akaliondoa sokoni. Mwenye gari bovu hufurahi, akaleta jingine. Mwishowe soko hujaa malimau.

Hili si jambo geni kwetu. Kama karafuu zote zingenunuliwa kwa bei moja bila kutazamwa, nani angehangaika kuanika vizuri na kuchambua makonyo? Aliyechanganya mpeta na karafuu mbichi angepata sawa na mwangalifu, na baada ya misimu michache karafuu zetu zingekuwa takataka. Ndiyo sababu kituoni karafuu humwagwa zikatazamwa, zikavunjwa vichwa, zikapewa daraja. Karafuu kavu ukiivunja hukatika, mbichi hupinda. Hatukasiriki mpimaji akivunja karafuu zetu, kwa kuwa twajua kupimwa ndiko kunakomlinda mkweli. Kwa nini basi tuone haya kumpima muuzaji wa gari? Muuzaji mwema hakatai kupimwa. Anayekasirika ukiomba fundi amekwisha kukupa jawabu.

Sasa nitaeleza hila nilizozijua, nyingine kwa kuumwa, nyingine kwa kufundishwa na mafundi.

Ya kwanza ni haraka. "Yuko mtu mwingine njiani" ni maneno ya kila dalali. Kazi yake ni kukuzuia usiende kuuliza. Ukiambiwa hivyo, jibu kwamba huyo mwingine na alichukue. Haraka haraka haina baraka, na magari hayaishi duniani.

Ya pili ni saa ya kilomita. Hurudishwa nyuma kwa urahisi, hata zile za kisasa zisizo na mshale. Usiiamini peke yake. Tazama mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari linalosema kilomita 60,000, na pedali zake zimelika mpaka chuma, linasema uongo. Tazama pia matairi, yana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mikanda ya viti nayo mara nyingi ina kitambaa kilichoandikwa mwaka wake. Hivyo waweza kulinganisha na mwaka unaoambiwa, maana umri wa gari hubadili kodi yake na bei yake, na wako wanaoudanganya.

Ya tatu ni rangi. Gari lililogongwa hujazwa filla na kupakwa rangi likawa kama jipya. Chukua sumaku ndogo, uipitishe juu ya bodi. Penye chuma itashika, penye filla nene haitashika. Tazama kama rangi imerukia mipira ya vioo, na kama milango inafungika sawa pande zote.

Ya nne ni maji. Gari lililozama katika mafuriko huoshwa, likatiwa manukato. Inua zulia, tazama chini ya viti na mahali pa tairi la akiba. Ukiona kutu au tope kavu, ondoka. Sisi watu wa visiwani tuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Ingia uvunguni utazame, hata kama umevaa kanzu.

Ya tano ni injini iliyopashwa moto kabla hujafika, kama nilivyoeleza. Sema utalitazama asubuhi, liwashwe mbele yako. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mwingi usiokwisha huenda ni maji yanayoingia ndani ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili imekuwa kama maziwa, maji na oili vimechanganyika, na hiyo ni kazi ya fedha nyingi. Kisha liendeshe mwenyewe, kilimani na penye mashimo, wala si kuzunguka uwanja tu.

Ya sita, na ndiyo iliyo mbaya kuliko zote, ni karatasi. Fundi aweza kutengeneza injini, lakini hapana fundi wa kutengeneza karatasi ya uongo. Namba ya chasisi na ya injini zilizo katika gari lazima ziwe sawa na zilizo katika kadi. Jina la kadi liwe la yule anayeuza, na aonyeshe kitambulisho chake. Kama gari limesajiliwa Bara, uliza habari zake katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na uliza polisi kama halitafutwi. Kama ni la Visiwani, uliza Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Usajili wa Bara na wa Visiwani ni mbali mbali, basi kama wataka kulivusha gari kutoka upande mmoja kwenda wa pili, uliza kwanza utatakiwa kulipa nini, kabla hujalipa bei. Mamlaka ya Tanzania hata imeweka katika tovuti yake kikokotoo cha kodi ya magari ya mitumba, ambacho kijana yeyote mwenye simu aweza kukusomea. Ukiona kodi peke yake inakaribia bei unayoambiwa, gari hilo halikulipiwa kodi. Laiti tungelifanya hesabu hiyo moja, tungebaki na fedha zetu.

Jihadhari pia na kadi iliyowekwa rehani. Wako wanaokopa fedha kwa kuweka kadi ya gari, kisha wakadai kadi imepotea, wakapata nyingine na kuuza gari. Mkopeshaji akija, atakuja kwako.

Mwisho wa mambo yote, fedha zilipwe kwa benki, kwa jina la mwenye gari, na mapatano yaandikwe mbele ya wakili na mashahidi. Wala usiiache kadi katika jina la muuzaji kwa kukwepa ada ya kubadilisha umiliki. Gari lisilo na jina lako si lako, hata kama funguo zimo mfukoni mwako.

Najua mtu atasema: haya ni mengi, nani atayaweza yote, naye ni mtu wa shamba? Kwa hakika mmoja peke yake hawezi, na hapo ndipo penye shauri langu kwa chama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba mkutano ujao wa wanachama ukubali mambo matatu. Kwanza, kila tawi lichague watu wawili wa kuandamana na mwanachama anayekwenda kununua gari, na mmoja wao awe ajua kusoma karatasi. Pili, chama kipatane na fundi mmoja mwaminifu, alipwe na mnunuzi kwa kila gari analolitazama, wala asipokee kitu kwa muuzaji. Tatu, mwanachama aliyedanganywa asifiche. Twafichana kwa aibu, na aibu yetu ndiyo mtaji wa madalali. Kama aliyetapeliwa kabla yangu angelisema, mimi nisingetuma fedha. Na kama mimi nikinyamaza, wa tatu atatuma zake.

Nisiseme kana kwamba watu wa Kabanga ni wabaya. Fundi aliyeniokoa ni mtu wa huko huko, na alichukua ujira wake mdogo tu, ingawa dalali angeweza kumpa zaidi ili anyamaze. Wakulima wa Kagera nao wanayo masikitiko yao kama yetu: wanayo kahawa inayovushwa kwa magendo, na wanayo butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida. Nilipokuwa nangoja basi nilizungumza na mkulima mmoja wa huko, tukaona kwamba anayemnyonya yeye na anayeninyonya mimi ni mtu wa namna moja: ajua bei, nasi hatuijui, ana subira, nasi tuna shida.

Dawa yake basi ni kujua, na kutokwenda peke yako. Bi Mkubwa wetu alilijua hilo bila kusoma kitabu chochote. Nimekwisha kumwomba radhi mbele ya wenzangu, na fungu lake katika zile fedha zilizopotea nitamlipa mimi, msimu ujao, Mungu akipenda.

Wasalaam,
Mwanachama mwenzenu, Pemba